Kisu Changu na Chakula cha Kijino

Nyumba ya kona, ghorofa ya pili
Jumatano, 15 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Mkuu wa shule amenithibitishia leo asubuhi, ofisini kwake, kwamba nafasi ya Kijino iko wazi mpaka Ijumaa, tukisubiri jibu lako, na hakuna aliyemfukuza. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Binti yako ni mzima, anakula, na jino la pili la mbele linacheza. Wewe je, huko ugenini kazini, kile kikohozi kimekwisha? Shemeji hajambo? Sisi hatujambo, ila wifi yako goti linamsumbua kila akipanda ngazi.

Najua dada mkubwa alikupigia simu Jumatatu akakwambia shule inamwonea mtoto. Ujumbe wako wa kwamba nimtoe, akae nyumbani, nimeupata. Baada ya zile siku mbili hospitalini mwaka jana, koo limemvimba kwa biskuti moja yenye karanga, sikushangaa. Lakini dada alifika shuleni mchana, akaona tu chakula kilichorudishwa. Mimi nilikuwepo tangu asubuhi, na kosa ni langu.

Kila siku kabla ya masomo, mpishi wa shule huweka meza mlangoni pa darasa na kufungua vyombo vya chakula kimoja kimoja. Watoto wanamwita Bibi Kifuniko. Husoma maandishi ya pakiti mpaka yale madogo ya chini, kisha humuuliza kila mtoto swali lile lile: nani amekitengeneza, na kwa kisu gani? Foleni huwa ndefu. Juma lililopita baba mmoja mwenye haraka alimwambia, "Mama, huu ni mkate, si kontena la bandarini."

Akajibu bila kuinua kichwa, "Bandarini wanatafuta ushuru, baba. Mimi natafuta karanga. Fungua."

Jumatatu ilipofika zamu yetu, Kijino alijibu kama shahidi mahakamani: "Mjomba, kwa kisu chake cha asubuhi."

Unanijua. Siendi kazini gazetini bila mkate na siagi ya karanga. Nilikuwa nimekifuta kile kisu, nikampakia mtoto mkate wake jemu, nikaona nimemaliza.

"Nimekifuta," nikasema.

"Kwa kitu gani?"

"Kitambaa."

"Kitambaa hakioshi, kaka."

Hakupandisha sauti. Alinivuta kando wazazi wengine wasisikie, akaufunga ule mkate kwenye mfuko, akanawa mikono. Mtoto alipewa viazi na yai kutoka jikoni kwa shule. Kisha akaandika daftarini saa, chakula na sababu, nami nikatia saini. Nina miaka ishirini na sita ya kuuliza watu maswali, na wachache wamenibana vile kwa maneno machache.

Jana nilirudi wakati wa chakula ili niangalie mwenyewe. Mtoto hajatengwa. Alikaa katikati ya wenzake, meza imeoshwa kwa sabuni, na shoga yake wa upande wa kulia hakuonja chakula cha Kijino wala hakumwonjesha cha kwake. Sindano ya dharura ya mzio iko kwenye kabati lisilofungwa kwa ufunguo, hatua kumi na moja kutoka alipokaa. Nilizihesabu. Mwalimu wake anajua kuitumia, na mlinzi wa geti pia. Nyumbani kwetu sindano kama hiyo iko kwenye droo tangu mwaka jana, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kuitumia. Ukiniuliza yuko salama zaidi wapi, nitakujibu ni pale.

Leo nilimpeleka dada ajionee. Alikwenda na maneno yake tayari, na keki aliyomwokea Kijino mkononi. Bibi Kifuniko alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kuja, ndipo akauliza habari za keki: unga gani, mafuta gani, bati la kuokea lilipikiwa nini mara ya mwisho. Kwenye bati dada alikiri kuwa hakumbuki. Tulirudi na keki yetu. Unajua dada kukiri kitu si jambo la kila siku.

Mama yake ni wewe. Ukisema atoke, nitamtoa siku hiyo hiyo na sitakulaumu. Ninachokuomba ni uamue kwa haya niliyoyaona, si kwa ile simu. Nipe jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Wifi yako anakusalimu sana. Msalimie shemeji, na yule mshonaji jirani yenu aliyekuuguza. Kijino anasema anakutunzia jino. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe ukiwa na afya.

Jumamosi tarehe 18, saa tatu asubuhi, Bibi Kifuniko anawafundisha walezi kuitumia ile sindano. Jina langu ni la pili kwenye orodha. La kwanza ni la dada.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye bila maneno mengi,

Mjomba wa Kijino