Mzee Niliyemchinja Buyenzi

Buyenzi, Bujumbura

Mdogo wangu Rehema,

Assalaam alaikum, wewe na huyo bwana wako ambaye bado sijamshika mkono. Goti la mama linasemaje? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaipaka, au ameshaigawa kwa majirani? Na nyumba mpya umeizoea? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na jana nimecheka mpaka mbavu zikauma. Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Nakujua tangu ukiwa mdogo, ukinuna unanuna wiki mbili kamili, na mimi wiki mbili siziwezi. Barua huwezi kuikata. Utaisoma hata kama ni kwa hasira.

Najua unachosema moyoni. Baba hayupo, walii wako ni mimi, mimi ndiye niliyetakiwa kukaa mbele ya shehe nikuozeshe. Halafu zimebaki siku mbili, napiga simu kusema siji Tabora, Baba Mdogo Shabani ashike nafasi yangu. Sababu sikutoa. Nilisema tu "nimepata dharura", kama mtu anayekwepa kikao cha mtaa. Sasa nimeruhusiwa kuisema. Rehema, nilikuwa nashukiwa kuua mtu.

Usipige kelele, mama asije akasikia. Kaa chini nikueleze.

Mzee Saidi, mwenye nyumba wangu, nimekusimulia habari zake mara nyingi. Ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu na begi moja na spana nne, akanipa chumba kabla hajaniuliza jina la baba yangu. Mkewe alifariki miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo anakula chakula anacholetewa na binti yake, Zaituni, anayekaa mtaa wa Kinindo. Zaituni anampenda baba yake kupita kiasi. Anampigia simu mara tatu kwa siku, na mwanamke yeyote akimsalimia mzee huku anacheka, lazima aulizwe ni nani. Sasa mzee wa watu akapata mchumba, Bi Salma, mjane anayeuza samaki kule Kajaga, kando ya ziwa, akaogopa kumwambia binti yake. Ndevu nyeupe zote zile, anamwogopa mtoto aliyemzaa! Nilikuwa namtania mpaka ananirushia kofia.

Basi Jumapili wakafunga ndoa hukohuko Kajaga, kimyakimya, mashahidi mimi na kaka wa bibi harusi. Baada ya dua mzee akanivuta pembeni, akaniwekea simu yake mkononi.

"Ramazani, mutoto wangu, shika hii telefone. Zaituni akiita, usipokee. Mi nakaa huku siku zangu saba. Jumapili nitarudi, nitamuambia mi mwenyewe. Mupaka hapo, usiseme kwa mutu. Apa."

Nikaapa, tena nikicheka. Nilishapiga hesabu zangu: mimi nasafiri Alhamisi, harusi yako Jumamosi, mzee anarudi Jumapili. Sikuona kinachogongana na kingine.

Jumatatu pale gereji tukaanza kulifungua gari moja la teksi lililochoka. Unajua sisi mafundi tuna lugha yetu. Gari lililokwisha tunaliita mzee, na kulifungua ili tuuze vipuri tunaita kuchinja. Mchana nikaja chumbani kula, nikampigia fundi mwenzangu wa Uvira, upande wa Kongo, anayenunua vipuri kwetu. Nikamwambia, kwa sauti yangu hii ambayo mama anasema inafaa kuadhinia: "Mzee nimeshamchinja. Kichwa nakutumia kesho. Miguu ya mbele bado mizima, ukiitaka sema. Mwili nitauuza kwa kilo."

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo mpangaji mwenzangu, Mama Furaha, anatwanga sombe, ndicho kisamvu chao. Baadaye aliniambia mchi ulimganda mikononi.

Huyu Mama Furaha ni Mkongo, anauza nyanya sokoni, mtu wa sala, na ana ugonjwa mmoja tu: filamu za zamani. Jumamosi jioni hutoa televisheni uani, tunakaa, tunatazama zile filamu zisizo na rangi, zinazosema Kifaransa, na yeye ndiye mfasiri wetu. Siku chache kabla ya mambo haya alituonyesha moja ya mauaji. Wanaume wote wana makoti na kofia, hakuna anayevua kofia hata ndani ya nyumba, na kila mmoja anawasha sigara kabla ya kujibu swali. Kuna jamaa anasingiziwa kumuua tajiri wake. Hakuua, lakini anakimbia, na kule kukimbia ndiko kunakomponza. Mimi nikasema kwa sauti, uani kote wanasikia: "Mjinga huyu. Angechukua kiti akakaa mlangoni kwake, nani angemshuku?"

Maneno yangu yalikuja kunidai.

Zaituni alipiga simu mpaka akachoka, Jumanne akaja na chakula, akakuta mlango wa baba yake umefungwa. Majirani wanasema hawajamwona tangu Jumapili. Mama Furaha akamshika mkono, akamwambia aliyoyasikia. Nilipotoka gereji niliwakuta watu wamejaa uani, na ovaroli yangu ikining'inia kwenye kamba, ina madoa ya oili ya usukani ambayo, bahati yangu mbaya, ni nyekundu. Zaituni akapiga simu ya baba yake mara nyingine, na safari hii watu wote walikuwa kimya, wakaisikia ikilia. Ilikuwa inalia mkononi mwangu, ndani ya sanduku langu la spana.

Akaitwa shefu wa karitiye, yaani wa mtaa, ndiye mjumbe wa huku, mtu mtulivu anayesema polepole.

"Shefu, mi nilisikia na masikio yangu mbili," Mama Furaha alisema. "Kichwa anatuma Uvira! Uvira ya kwetu! Na mwili anauzisha ku kilo!"

Nikampeleka shefu gereji, uani kote wakatufuata. Akaliona gari lilivyochinjwa, akaona kichwa cha injini kimefungwa kwenye gunia tayari kwa safari ya Uvira. Akacheka. Akainusa ovaroli, akacheka tena. Kisha akaacha kucheka.

"Bon. Gari nimeona. Na telefone ya muzee?"

Hapo kiapo kikanibana. Zaituni alikuwa analia, Rehema, analia kama wewe ulivyolia siku ya kumzika baba, na mimi moyo ukaniuma nikakosea. Nikamwambia, "Baba yako ni mzima, wallahi. Jumapili utamwona."

"Unajua namna gani?"

Nikajifanya nafunga gunia.

"Mumuone! Anajua!" akapiga kelele Mama Furaha.

Shefu akanigeukia. "Ramazani, mi sikufungi. Lakini mupaka muzee aonekane, Tabora hauendi."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu kwako. Ningesema neno moja tu, Kajaga, mambo yangeisha, na Alhamisi ningekuwa safarini. Nilikuwa nalo mdomoni siku nzima. Lakini nilimjua Zaituni. Angefika kule na hasira zake, angemtoa baba yake kwenye fungate mbele ya wavuvi kama mtoto aliyetoroka madrasa, na Bi Salma wa watu angebaki na aibu ile maisha yake yote. Kwenda mwenyewe nisingeweza, mtaa mzima ulikuwa unanifuata kwa macho. Nilifikiria kutuma mtu kwa siri, lakini Buyenzi ukimtuma mtu mmoja umetuma mtaa mzima. Namba ya bibi harusi sikuwa nayo, na simu ya mzee hufunguliwa kwa namba ya siri ambayo hakunipa. Na nilishaapa. Usiku wa Jumatano sikulala. Nilimchukia mzee, nikajichukia mimi, asubuhi nikampigia Baba Mdogo. Nisamehe. Nilijua unapoteza nini, na bado nikanyamaza.

Baada ya hapo nikafanya nilichomshauri yule jamaa wa filamu. Nikatoa kiti, nikakaa mlangoni kila nikitoka kazini, nionekane. Haikusaidia kitu. Nilimsikia Mama Furaha akiwaambia wateja wake, "Yule wa ku filme alikimbia, alikuwa na roho ya mutu. Huyu anakaa. Anakunywa chai! Njo mubaya zaidi." Watu wakawa wanapita makusudi kuniangalia. Mmoja alileta na wageni.

Sasa ije Jumamosi. Baba Mdogo alikuwa ameniahidi ataacha simu yake wazi, aiweke kwenye mkeka karibu na shehe. Huku mlangoni kwangu, kwenye kiti changu, nikavaa zile nyaya za masikioni, nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Uani watu walikuwepo kama kawaida, Mama Furaha anachambua nyanya na jicho moja liko kwangu. Wao walikuwa wanaona mtu kakaa kimya. Mimi nilikuwa Tabora. Nilimsikia shehe akikohoa. Nilimsikia Baba Mdogo akilitaja jina lako na jina la baba. Kisha bwana wako akasema, "Nimekubali kumuoa", mara moja, bila kukwama, nikampenda papo hapo. Vigelegele vikapasuka masikioni mwangu, na katikati yake nikamsikia mama akisema, "Ramadhani wangu angekuwepo."

Nililia, Rehema. Sikulia kidogo. Nililia kwa sauti, mabega yakitikisika, kamasi zinatoka, mtu mzima na ndevu zangu. Sijui kama ilikuwa furaha au uchungu, nadhani vyote.

Karitiye nzima ikasimama. "Ameungama!" Mama Furaha alisema, akapiga ishara ya msalaba. "Angalia, zambi inamutoka!" Akaniletea maji kwenye kikombe, akaniwekea miguuni, akarudi nyuma haraka. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Jumapili baada ya adhuhuri Mzee Saidi akaingia uani na kanzu mpya, ananukia, mkononi kapu la samaki wa mukeke wabichi, na nyuma yake Bi Salma amejitanda vizuri. Mama Furaha akaangusha beseni, nyanya zikatapakaa.

"Kuna nini?" mzee akauliza. "Nani amekufa?"

"Weye!" wakajibu wote.

Zaituni alitoka ndani akikimbia, akamkumbatia baba yake pamoja na kapu la samaki. Mzee akaanza kujieleza, huyu ni Salma, mutoto wangu, nilitaka kukuambia, nilikuwa naogopa. Zaituni akamtazama yule mama, akamtazama baba yake. "Baba, tangu juzi mi natafuta pa kukuzika," akasema. "Mbele ya bibi harusi siwezi kukasirika leo. Nitakasirika kesho." Jana ndiyo ilikuwa hiyo kesho, na nimewaona wakitengeneza samaki pamoja, wakigombana kuhusu chumvi. Ndicho kilichonichekesha.

Mzee alipoambiwa nilichokosa, alikaa kwenye kile kiti changu akafunika uso. "Ungesema tu, mutoto wangu." Nikamwambia niliapa. Mwisho wa mwezi Zaituni anatuleta Tabora kwa gari lake, mzee na Bi Salma wakiwemo, waje kumwomba mama radhi. Mama Furaha anakuletea kitenge. Ananiita kaka sasa, na Jumamosi hii amenitengea kiti cha mbele.

Mpe mama mkono wangu, mwambie nilimsikia. Msalimie bibi mzaa mama na umsomee kwa sauti, lakini pale pa kilo paruke. Baba Mdogo mshukuru kwa ule mkeka, mwambie sauti ilifika yote. Shemeji yangu mwambie nimemkubali, ingawa nilichelewa kusema.

Na watu wa huko wakikuuliza kama kaka yako alikuwepo kwenye ndoa yako, usiiname. Waambie alikuwepo, alilia mpaka mwisho, na mashahidi wake ni Buyenzi nzima.

Ni mimi kaka yako, muuaji asiye na maiti,

Ramadhani