Tochi Zako Zimemchoma Njoki

Kambini, Elementaita
Agosti 2008

Kwa Kaka Athumani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na ndivyo nilivyolelewa. Natumai mgongo wako umetulia na biashara inakwenda. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe. Kwa hivyo keti uisome barua hii yote, usiikunje katikati ukasema utaimalizia dukani.

Huku baridi ni kali mwezi huu. Tangu zile ghasia za uchaguzi, mwanzo wa mwaka, wageni walikuwa adimu, mahema yamekunjwa, na mimi nikawa napikia walinzi tu. Ndiyo maana Bwana Harjit, mwenye kambi, alipoanza tena kupata wanafunzi na watu wa makanisa, alitafuta kila kitu cha bei rahisi. Nawe ukanipigia simu: "Zuhura, nina tochi za kuchaji, nzuri kwa kambi na safari, hazitaki betri. Mwambie tajiri wako." Nikamwambia. Akazichukua kwa neno langu, kwa kuwa nilisema zinatoka kwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Nitakueleza zilivyo, maana nadhani hujawahi kuitumia hata moja. Nyuma zina pini mbili za kuvuta nje, na tochi yenyewe ndiyo unayoichomeka ukutani. Soketi zetu ni za matundu matatu, basi mpaka usukume kijiti kwenye tundu la juu ndipo zikubali kuingia. Zikiingia zinachezacheza kama jino bovu. Hazijakaa sana, moja ikavimba ubavuni. Nyingine ikayeyuka, ikaacha alama nyeusi kwenye ukuta wa stoo. Nikakupigia. Ulicheka, Kaka. Ukasema, "Hao watu wa bara hawajui vitu vya stima. Waambie wasizichaji usiku kucha." Basi tukawa tunazichaji mchana, tunazichunga kama maziwa jikoni.

Sasa nikwambie Njoki ni nani, kwa sababu hujawahi kuniuliza. Ni mwanamke wa Dundori, rika langu, anayefua mashuka na kupanga mahema hapa kambini. Nilipofika huku simjui mtu wala siijui baridi, ni yeye aliyevua sweta lake akanivisha. Kwake ana ng'ombe wawili. Akipata likizo anakwenda kukamua mwenyewe, na anaponisimulia habari za ng'ombe hao unaweza kudhani anasimulia watoto wake.

Jumamosi ya ajali, asubuhi, tulikuwa na wanafunzi waliokuwa wanakwenda kupiga mahema upande wa pili wa ziwa. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wao wa kubeba. Njoki alikuwa kwenye stoo iliyo kando ya jiko, anakunja blanketi. Akapaza sauti, "Zuhura, nitoe hizi tochi ama ziwachwe kidogo?"

"Zitoe, gari linangoja," nikamjibu.

Ya kwanza ilitoka. Ya pili alipoivuta, mfuniko wa nyuma ukabanduka. Pini na nyaya zikabaki ukutani, na vidole vyake vikaishia juu ya zile nyaya tupu.

Hakupiga kelele. Nilisikia benchi likianguka. Nilipotokeza mlangoni nilimkuta amesimama kwa ncha za miguu, mkono umenata ukutani, meno yameumana, macho ameyaelekeza kwangu lakini hayanioni. Nilikuwa bado nimeshika mwiko. Nikampiga nao kwenye mkono kwa nguvu zangu zote, nikampiga tena, mpaka akabanduka na kuanguka juu ya blanketi. Harufu ile, Kaka, mpaka leo haijanitoka puani. Wageni wakitaka nyama choma namwachia mpishi mwenzangu, natoka nje.

Nilidhani amekufa. Nikamtikisa, nikamwita jina lake, nikaita na jina la mama yangu. Akavuta pumzi, akasema kitu kwa Kikuyu ambacho sikukielewa, kisha akaniuliza, "Mkono yangu iko?"

Mkono ulikuwepo. Vidole viwili vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na kiganja kimechimbika.

Dereva wa kambi alitukimbiza hospitali, Nakuru. Daktari alisema amepona kifo, lakini vidole hivyo viwili havitakunjika tena. Njoki akamuuliza jambo moja tu: "Na kukamua je?" Daktari akaanza kupanga vitu vyake mezani.

Nilikupigia nikiwa pale pale hospitalini, nalia. Ukaniuliza kama Bwana Harjit ana nia ya kurudisha tochi zilizobaki. Hukuuliza huyo mtu anaitwa nani. Hukuuliza kama anaishi.

Kesho yake Bwana Harjit akaniita ofisini.

"Zuhura, ndugu yako amenipigia. Anasema huyu mama alishika stima na mikono ya maji. Anasema wewe ndiyo uliona. Kama ni hivyo, mimi sina makosa. Hospitali ajilipie, na hapa asirudi."

Kumbe ulikuwa umenifanya shahidi wa uongo wako bila hata kunijulisha.

"Boss," nikasema, "alikuwa anakunja blanketi. Mikono yake ilikuwa mikavu."

"Basi ndugu yako ni mwongo?"

Unajua neno hilo lilivyo zito kumtamkia mgeni kuhusu mtoto wa mama yako? Nililitamka. Nikasema, "Ndiyo. Ndugu yangu amedanganya."

Hakuniamini hapo hapo. Akachukua tochi moja, tukaenda mjini kwa fundi wa redio ambaye hatumjui, naye hamjui yeyote kati yetu. Fundi akaifungua mbele yetu. Ndani nyaya zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea, zimeshikwa na gundi iliyokwisha kulainika kwa joto. Hakuna kitu chochote cha kuzuia stima ya ukutani isimfikie anayeishika. Akaisukuma mbali naye. "Mama, hii mimi siwezi chomeka kwangu. Nani amewauzia?"

Bwana Harjit alinitazama.

Alizipondaponda zote kwa nyundo nyuma ya jiko. Hospitali amelipa, na Njoki akipona atarudi awe anapokea wageni getini. Mimi pia amenibakiza, lakini nikimwambia hata chumvi imekwisha, anatuma mtu mwingine aende kuangalia. Simlaumu.

Jumapili iliyopita nilikwenda Dundori kumwona. Mumewe ndiye anayekamua, na ng'ombe mmoja hamtaki, anapiga ndoo teke. Njoki alikuwa amekaa mlangoni anatazama. Tulikunywa chai. Akaniuliza, "Huyo kaka yako ametuma hata pole?"

Ningeweza kuishia hapo, lakini jana nimempigia Mama huko Kisauni. Akaniambia kwa furaha, "Athumani juzi ameniletea tochi nzuri, naichomeka hapa hapa kando ya mto wa kulalia." Athumani! Ulimpelekea Mama tochi kama zile zile baada ya mimi kukulilia kwenye simu? Ulidhani vidole vya Njoki vinaungua kwa sababu ni vya bara?

Nilimpigia Bi Rukia, fundi cherehani wa jirani, akakimbia akazima stima ya nyumba nzima ndipo akaitoa. Anasema ilikuwa ya moto na shuka limeanza kugeuka rangi. Mama amenilazimisha nimweleze yote, nami nimemweleza. Kwa hivyo usiende kwake na hadithi ya mikono ya maji.

Nisalimie wifi Mwanahawa, mkeo, na umwambie asiziguse tochi hizo kama zipo nyumbani kwenu. Nisalimie Mjomba Bakari, mwadhini wetu, aniombee dua na amwombee na Njoki. Wapwa zangu wote nawabusu.

Zilizobaki dukani ziondoe, usimpe mtu hata bure. Mimi usinitumie mzigo wowote tena. Namba ya Njoki nimemwachia Mama. Nenda ukaichukue kwake, umtazame usoni wakati anakupa, kisha umpigie Njoki kwa mdomo wako mwenyewe umwambie mikono yake ilikuwa mikavu. Kabla ya hapo, simu yako sitaipokea.

Ni mimi mdogo wako, kwa damu,
Zuhura