Pahala pa Mguu Wake

Jumatano, 1984, baada ya Magharibi

Nimewaambia wakate. Basi, wamekata.

Gia za otomatiki za gari la marehemu mume wangu zilikufa, na Malindi nzima hakuna fundi wa kuzifufua. Mwanangu Athmani akaniambia, "Mama, tutie gia za mkono, au gari lituozee uani." Mimi niko edani, sitoki, nikawa nawatazama yeye na mafundi kupitia dirishani.

Fundi Kazungu akasogea. "Shikamoo mama. Klachi itakaa hapa kushoto. Lazima nikate zulia na bati."

Hapo kushoto ndipo marehemu alipokuwa akiupumzisha mguu wake mbovu. Gari lile alilinunua kwa sababu ya mguu huo, maana mguu mmoja ulimtosha kuendesha. Zulia limebonyea, kisigino chake chote kimejichora.

Nikasema, "Marahaba. Kata, baba." Nilidhani nitalia. Sikulia.

Alasiri Athmani akajaribu. Gari likaruka kama punda aliyechokozwa, likazimika. Kazungu akacheka, "Bwana, huo mguu wa kushoto umelala! Uamshe!"

Sasa atakwenda nalo Marereni kila siku, kwenye kazi ya chumvi, na breki zile ni za zamani. Naogopa, ila hata woga wenyewe nausikia kwa mbali.

Kile kipande cha zulia nilikiomba. Nimekitandika chini ya meza hii, nikaweka mguu wangu wa kushoto pale pale palipobonyea. Bado sijasikia kitu. Nitauacha hapo.