Fomu Mbili Chini ya Godoro

Jumamosi, 23 Machi 1996

Lornah, mwalimu mwenzangu, amepitia hapa kutoka shule na fomu mbili ndani ya daftari la mwanafunzi. Alinipa jikoni, haraka haraka, utadhani tunaiba. Bi Zamzam alikuwa akiswali chumbani. Mama mkwe huyu amehamia hapa Migosi tangu mwanawe azikwe, akae nami mpaka eda iishe. Masikio yake hayalali.

Fomu moja ni ya TOEFL, mtihani wa Kiingereza wa Amerika. Nyingine IELTS, ya Waingereza. Mitihani yote miwili inafanyiwa Nairobi. TOEFL ni Jumamosi, 1 Juni, na Lornah ameshajiandikisha. Ya Waingereza ni 22 Juni. Fomu zifike kabla ya katikati ya Aprili. Lornah anasema nichague moja, mshahara wa mwalimu hauwezi mbili.

Nimezificha chini ya godoro. Mume wangu Mbarak ana miezi miwili tu kaburini — nikionekana na fomu za ng'ambo watasemaje?

Jumapili, 24 Machi 1996

Nimehesabu. Alifariki Jumatatu, 22 Januari, alfajiri, siku ya kwanza ya Ramadhani. Malaria ya siku nne, basi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Nimesimama mbele ya kalenda ya ukutani nikafuata kwa kidole: 22 Februari, 22 Machi, 22 Aprili, 22 Mei. Halafu siku kumi.

Jumamosi, 1 Juni. Siku ile ile!

Mtihani ni saa tatu asubuhi. Lazima niondoke Ijumaa, nilale Nairobi. Na mwenye eda halali nje ya nyumba ya mumewe — hilo nilifundishwa niliposilimu, nalijua.

Nilitaka kumuuliza Bi Zamzam kama siku moja tu... Nikameza. Miaka sita nimekuwa Rehma nyumba hii, na bado shangazi zake Mbarak wanajifanya kusahau, wananiita Metrine, mtoto wa wauza samaki wa Port Victoria. Nikiuliza watasema, si tulisema! Siulizi mtu.

Jumatano, 27 Machi 1996

Sijalala vizuri. Amerika ndio kuna skolashipu. Mbarak ndiye aliyeniandikia maombi, barua ikaja Disemba, tukacheka kama wajinga. Chuo kinataka kitu kimoja tu: matokeo ya TOEFL, na mtihani uwe umefanywa kabla ya Juni kuisha. Uingereza nafasi ninayo pia, lakini ya kujilipia. Kwa pesa gani hasa?

TOEFL ni penseli na viduara vya kutia weusi, na kaseti ya Wamarekani wanaomeza maneno. Mbarak alikuwa anaisimamisha, ananiuliza amesema nini huyo? Nikikosa ananicheka mpaka anakohoa. Kwa Waingereza unakalishwa mbele ya mtu, mnazungumza. Nizungumze nini? Tangu Januari maneno yangu ni mawili tu: asante, na ni mapenzi ya Mungu.

Ungekuwepo ungenichagulia. Nina hasira na wewe, Mbarak. Ulisema tutaenda wote.

Jumatatu, 8 Aprili 1996

Nimejaza ya Waingereza. Lornah ameipeleka posta. Ya TOEFL nimeichana, nikaitia jikoni chini ya sufuria ya chai. Heshima ya mume kwanza.

Jumapili, 28 Aprili 1996

Idd kubwa. Nyumba imejaa, mimi nimekaa pembeni na nguo yangu nyeupe. Mama yangu Rosa amekuja kutoka Port Victoria na samaki wakavu. Alimchokoza Bi Zamzam kwamba Idd yao haina makao, mwaka jana ilikuwa Mei, mwaka huu Aprili, afadhali Krismasi inajua tarehe yake. Bi Zamzam akacheka. Hata mimi nilicheka, mara ya kwanza, kisha nikaenda kulia chooni.

Jumanne, 28 Mei 1996



Asubuhi Bi Zamzam aliingia na beseni la maji, sabuni mpya, na gauni la maua. Akasema amka mwanangu, uoge, eda yako imekwisha. Nikamwambia bado, Mama, bado siku nne. Akaniangalia.

"Nani amekuhesabia?"

Nikamwonyesha kalenda ya ukutani. Alikaa kitandani. Akanieleza polepole, bila kunicheka, kwamba eda huhesabiwa kwa mwezi mwandamo. Ramadhani na miezi mitatu baada yake, halafu siku kumi. Ilitimia jana.

Jana! Na TOEFL ni Jumamosi. Ningesafiri Ijumaa mchana kweupe, nimevaa maua.

Nilimwambia yote. Fomu, godoro, jiko. Nilingoja aseme mume hajapoa wewe unataka Amerika. Akanishika mkono.

"Mbarak aliniambia habari ya Amerika tangu Disemba. Nilikuwa nangoja uniambie wewe. Kuuliza si ujinga, Rehma. Kwa nini hukuniuliza?"

Nikasema niliogopa ataniona bado Metrine. Alilia kuliko siku ya mazishi.

Jumatano, 29 Mei 1996

Nimetoka nje mara ya kwanza, mpaka posta, kupiga simu Nairobi. Miguu imesahau barabara. Bi Zamzam alikuja nami, akashika sarafu, anatia moja moja. Dada aliyepokea simu alikuwa mpole. Anasikitika, majina yalifungwa, mtihani unaofuata ni Agosti. Nikamwambia skolashipu yangu inafungwa Juni. Akasema pole tena.

Lornah alikuja jioni. Mos, nyamera, akasema kwa Kijaluo, mos ahinya, pole sana dada yangu. Hakujua aangalie wapi. Nikamtakia heri na nikamaanisha, karibu yote.

Jumamosi, 1 Juni 1996

Saa tatu na robo. Wameshaanza. Lornah sasa ana penseli mkononi.

Bi Zamzam amefungua mlango wa mbele na madirisha yote tangu alfajiri. Aliniuliza kama ule wa Waingereza wa tarehe ishirini na mbili nitaenda. Niliangalia kalenda ya ukutani. Akasema akiulizwa na yeyote, hata na shangazi zake Mbarak, yeye ndiye atakayenisindikiza mpaka Nairobi. Angenisindikiza na huu wa leo. Miezi minne tumelala chumba kimoja, mimi na siri yangu ya Amerika, yeye akingoja niseme. Hapakuwa na mtu wa kunizuia.

Ananiita nje nipate jua. Nimemwambia nakuja. Ameita tena, chai inapoa, na mimi bado nimekaa hapa kitandani na kalamu mkononi.