Gari Limeusahau Ufunguo wa Shemeji

Mtaa wa Gongoni,
Tabora.
Jumapili, 27 Aprili 2025

Mpendwa kaka yangu Uwesu,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako naitanguliza mapema, maana ukifika mstari wa tatu hujaiona utaikunja barua na kusema Najiat alipoteza adabu siku alipoolewa Tabora. Hujambo kaka? Wifi hajambo, na mguu wake umepona? Hapo Ujiji mvua zimewaacha salama?

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua zinaaga, wanangu wazima, shule wanakwenda. Mama mkwe wangu, Bi Maua, amehamia kwangu tangu tumzike Majidi, ili nisikae eda peke yangu. Anakusalimu sana. Mimi mwenyewe afya ninayo, ila usingizi ndio unakuja unapotaka. Siku nyingine natenga sahani ya Majidi mkekani, halafu nairudisha kabatini nikidhani Bi Maua hajaiona. Anaiona.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwanza ni kwa sababu kwenye simu unanikatiza, kaka, na wewe unajijua. Sababu ya pili utaiona mbele.

Ujumbe wako niliupata. Umeniambia nimwachie shemeji yangu gari, yaishe, na eda ikimalizika nirudi nyumbani Ujiji, chumba changu kipo. Sikufichi, nilikasirika mpaka chai ikanipalia. Baadaye nikatulia, nikajua umesema kwa mapenzi, ndiyo maana nakujibu kwa urefu na si kwa maneno mawili ya simu.

Gari hilo ni la asali, kaka. Majidi alikuwa anaendesha, mimi ndiye niliyekuwa napatana na wafuga nyuki wa Ipole, naonja, nachuja, nauza hapa mjini. Tulipolinunua, Majidi mwenyewe alisema kadi iandikwe jina langu, kwa kuwa jasho ni langu. Ni gari la zamani, mlango wa nyuma unafungwa kwa kusukumwa na goti, lakini bila hilo hakuna Ipole, na bila Ipole wanangu nitawalisha nini? Hadithi za baba yao?

Siku ile pale hospitali ya Kitete, tulipokabidhiwa nguo za marehemu, Yahaya, mdogo wake Majidi, alitoa ufunguo wa gari kwenye mfuko wa suruali akautia kwenye wake. Sanda ilitakiwa, kuni zilitakiwa, wageni walikuwa wa kupokelewa stesheni. Nani anauliza ufunguo siku ya msiba? Basi matanga yakaanuliwa, ufunguo haukurudi. Kila asubuhi Yahaya analichukua gari, jioni analirudisha kulala uani kwangu kwa sababu kwake hakuna geti. Linarudi tanki kavu, viti vinanuka tumbaku. Nikimwambia, ananijibu kwamba hilo ni gari la kaka yake.

Na mwanamke wa eda unajua alivyo. Nimevaa nyeupe zangu, nipo ndani, sitoki ila kwa dharura, na mwanamume asiye maharimu haingii. Yahaya hilo analijua kuliko sheikh. Alhamisi alimleta mtu kutoka Isikizya, wakalizunguka gari uani, wakayapiga matairi mateke, mimi niko nyuma ya dirisha nasikia kila neno. Walikubaliana Jumamosi yule mtu aje alichukue. Alipouliza kadi, Yahaya akasema iko kwa shemeji, mjane hana shida, atasaini tu.

Hee! Mjane hana shida!

Wallahi, machozi niliyokuwa nayo siku ile yalikauka pale pale. Nikampigia simu Vedasto, fundi umeme wa magari mwenye banda lake njia ya Kitete, aliyekuwa akilishughulikia gari hilo tangu Majidi yuko hai. Nilitaka anibadilishie swichi ya kuwashia. Akaniambia haina haja. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, na gari linaijua. Lisipoijua, starta itazunguka weee mpaka betri ilie, injini haiwaki. Haya magari mapya yanataka kompyuta, lakini letu, kwa uzee wake, mwenye ufunguo mama anaweza kulisahaulisha funguo nyingine zote na kulifundisha mpya akiwa nyumbani kwake. Kazi yenyewe ni kukanyaga mafuta na breki kwa mpangilio wake, bila kuchelewa.

Akauliza kama ufunguo mama, ule uliokuja na gari, upo. Upo! Majidi aliogopa kuupoteza, tukauficha kwenye kopo la iliki. Yahaya hakujua hata kama kuna kitu kama hicho.

Ijumaa Yahaya huliacha gari uani kwangu na kwenda msikitini kwa miguu, apate kuonekana njiani amevaa kanzu. Saa hizo Vedasto yuko huru, yeye ni Mkatoliki. Jirani yangu Adelina alikuwa amempelekea ufunguo mama asubuhi, naye fundi akachonga mpya mbili kwa mfano wake, akanirudishia zote tatu kwa mkono wa Adelina. Tatizo likabaki moja: fundi haingii, na mimi sitoki. Basi akakaa nje, juu ya ndoo iliyogeuzwa, akauegemea ukuta wangu.

Kumficha Bi Maua sikuweza, wala sikutaka. Nilimweleza wazi ninachokwenda kufanya. Kaka, fikiria: aliyezikwa ni mwanawe, na anayetaka kuuza ni mwanawe. Alimaliza uradi wake, akavaa kandambili, akaja kusimama kwenye mlango wa gari na tasbihi mkononi. Akaniuliza, hizo breki zinahesabiwa vipi?

Nikaingia na nguo zangu nyeupe, nikatia ufunguo mama. Vedasto akapaza sauti nje ya ukuta: kanyaga mafuta, kanyaga tena, sasa breki! Mimi nakanyaga, ile taa nyekundu ya kufuli inapepesa tu kana kwamba inanikonyeza. Tukarudia. Wapi! Tukarudia tena. Vedasto akaanza kuwa na wasiwasi kwamba ufunguo mama umekufa, na mimi nikaanza kuiwaza Jumamosi.

Kisha akauliza nafanya nini humo ndani mbona kimya kirefu kati ya kanyago na kanyago. Nikamwambia sifanyi kitu, nasema Bismillahi. Kwani kila mara? Ndiyo, kila mara, nzima, mpaka Rahimu.

"Dada Najiat," akapiga kelele, "sema moja itoshe zote! Gari halisubiri!"

Bi Maua akacheka. Kaka, alicheka mpaka akashika mlango. Tangu tuzike sikuwa nimemsikia akicheka, na nilipomwangalia nikaona ni Majidi kabisa, hata jino. Nikasema Bismillahi moja, kubwa, kwa kazi yote. Bi Maua akashika tasbihi, akawa anahesabu kwa sauti na kwa haraka kama mtu anayemaliza uradi adhana imeshalia, na mimi mguu wangu unamfuata. Taa ikabadilika. Vedasto akaniambia gari limesahau. Kisha tukalifundisha ule mpya wa kwanza, tukalifundisha wa pili, na kila mmoja nilipoujaribu injini iliitikia.

Hapo ndipo nilipolia. Ufunguo nilioufuta ulikuwa wa Majidi, wenye kile kipande cha ngozi alichokishona mwenyewe. Sikuwa nimeliwaza hilo mpaka kazi ilipokwisha. Nililala juu ya usukani nikalia kwa sauti, Bi Maua akinipapasa mgongo, na Vedasto huko nje anauliza kama kuna kitu kimeharibika. Nikajifuta kwa mtandio, nikazima gari.

Yahaya alirudi na kanzu yake, akaingia kwenye gari, akazungusha. Starta ikalia, injini kimya. Akafungua boneti, akagusagusa betri, akazungusha tena. Nilimwacha kidogo, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kisha nikasema nikiwa nyuma ya pazia la barazani: "Shemeji, usijisumbue. Ufunguo wako nimeufuta. Gari ni langu, haliuzwi."

Alisema maneno mengi ambayo sitayaandika. Mwisho akamgeukia mama yake, amshitakie. "Mama, umesikia alichofanya?"

"Nimesikia," Bi Maua akamjibu. "Breki nimehesabu mimi."

Yahaya akauweka ufunguo kwenye kizingiti, akaondoka kwa miguu. Jana yule mtu wa Isikizya hakuja, nadhani aliambiwa. Leo mchana Bi Maua amepika wali akamfungia mwanawe kwenye hotpoti, akaniambia: mwanangu nitampikia, gari simpi. Lakini naona jinsi inavyomuuma. Nimempelekea Yahaya salamu kwamba akitaka kazi ya kubeba ndoo msimu wa asali, aje aseme. Hajajibu. Siku atakayojibu nitampa kazi, ila hataendesha.

Sasa jibu lako, kaka. Siji Ujiji. Chumba changu wape watoto walale. Eda yangu inaisha mwanzoni mwa Julai, na asali ya Ipole ndiyo itakuwa inashuka mizingani. Mama Levina, yule mfuga nyuki wetu mkubwa, nimekwisha kumwambia asimwuzie mtu mwingine. Leseni ninayo, Majidi alinifundisha kwenye barabara ya Sikonge akinigombeza njia nzima. Naogopa? Naogopa. Nitakwenda hivyo hivyo na woga wangu.

Papasa chini, ndani ya bahasha. Huo ndio ufunguo wa pili, na ndiyo sababu sikupiga simu. Kulwa, binamu yetu anayekuletea, hajui amebeba nini. Huku kila mtu ni ndugu, na najijua, ndugu akija kulia mlangoni kwangu mkono utalegea. Ukikaa kwako, siwezi kuutoa. Mwezi wa saba panda treni uje nao. Usije kunichukua. Njoo ukae kiti cha pembeni, twende Ipole, uone mdogo wako anavyoishi.

Nisalimie wifi, mwambie mguu aukande kwa maji ya chumvi. Nisalimie shangazi Suzana Hamisi, na Doto pacha wake Kulwa, mwambie deni lake la kunitembelea bado. Bi Maua anasema Mungu akupe umri na akulinde na majirani wenye maneno. Mimi naitikia amina, na nakuombea kifua chako kisikusumbue na baridi ya ziwa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokukatalia,

Najiat

Nilisahau: ule ufunguo wa Majidi nimeuweka kwenye kopo la iliki, na kipande chake cha ngozi. Leo asubuhi niliujaribu. Gari hauwashi tena, lakini mlango bado unafungua.