Anwani ya Gélase

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, 3 Machi 2025

Mdogo wangu Cadeau,

Salamu nyingi. Uko mzima? Kikohozi kimeisha, au bado unajitibu mwenyewe kama daktari? Sisi tunaendelea, unga wa nsima upo, watoto wanaenda shule.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kompyuta yangu imekufa. Nampa jirani yetu Nahayo barua hii, kesho anashuka Lilongwe. Ilikuwa hivi. Alhamisi Mama Gélase alikuja kibandani kwangu ninakoandikia watu barua, tuandike barua yake ya mwezi kwa mtoto wake, kama kawaida. Nikafungua email, nikakuta jina: Gélase. Miaka mitatu kimya tangu wewe na yeye mlipoachana mpakani, leo anaandika. Nikamsomea. Chini kulikuwa na picha. "Fungua nimuone," akasema. Nikafungua. Kioo kikawa cheusi, na mpaka leo hakijawaka. Mafaili ya mtaa mzima yamekwenda nayo, watu wananinunia.

Lakini hilo si kubwa. Unajua ndege yake ya Canada ni tarehe 10 Aprili. Sasa anakataa. "Mi siendi. Mutoto ameandika. Atafika hapa, atakuta mulango imefungwa." Akikosa safari hii, faili lake la kuhamishiwa huko linafungwa kabisa. Wewe ndiye uliyemwona Gélase mwisho. Yuko wapi?

Dada yako,
Annuarite

Area 23, Lilongwe, 9 Machi 2025

Dada Annuarite,

Namshukuru Mungu mko wazima. Mimi sijambo, kikohozi kimeniachia.

Ile haikuwa barua, ni virusi. Mtu akifungua ile picha, inaingia katika anwani yake ya email, inachukua majina yote aliyoyahifadhi na kujituma kwao kwa jina lake. Mwenye kosa ni aliyeitengeneza. Pengine yuko nchi tusiyoijua, hata hajui kama Dzaleka ipo. Usijilaumu. Mwambie Mama Gélase haikuwa mtoto wake, apande ndege.

Mdogo wako,
Cadeau

Dzaleka, 16 Machi 2025

Mdogo wangu,

Amani kwako. Hapa mvua imetuchosha, paa linavuja upande wa kitanda, lakini tuko wazima. Wewe unakula vizuri?

Nilimwambia. Akanicheka. "Virusi ndiyo inajua magoti yangu? Aliniuliza magoti. Ule ni Gélase."

Cadeau, ngoja nitubu. Ujumbe ule ulikuwa mstari mmoja wa Kifaransa: ni wewe kwenye picha hii? Basi. Sasa unajua ninavyowasomea watu. Siwezi kumsomea mama barua ya mtoto wake isiyo na salamu, ni kama kumtukana. Vijana wanaandika kifupi, mimi naongeza. Nimefanya hivyo miaka sita. Nikasema, "Mama, uko mzima? Magoti yanaendeleaje?" Nimemwambia hata hilo, kwamba magoti niliyaongeza mimi. Haniamini tena. Amenunua sahani ya pili.

Kwa hiyo nami nina kosa langu. Lakini umesema inaingia mtu akifungua. Gélase hajajibu miaka mitatu. Nani amefungua anwani yake? Na swali langu la kwanza hukulijibu.

Dada yako,
Annuarite

Area 23, 2 Aprili 2025

Dada Annuarite,

Salamu. Natumaini nyote mko wazima. Nisamehe kwa siku kumi na saba za kimya.

Gélase alikufa. Niliposema tuliachana mpakani nilidanganya. Ilikuwa mjini Tete, ng'ambo ya mpaka: homa, siku nne tu. Tulimzika mimi na wanaume wawili ambao majina yao siyajui. Kabla hajafa alinipa nenosiri la email yake ili nimwandikie mama yake. Nilipofungua nikakuta barua ya mama: anauliza kama Gélase ana blanketi. Nikashindwa. Mwezi uliofuata ikaja nyingine, nikashindwa tena, na kila nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuogopa. Tangu hapo kila mwezi naingia, nasoma, natoka. Mara nyingine nahisi Gélase amesimama nyuma yangu, anasoma pia.

Februari ukamjia Gélase ujumbe uleule: ni wewe kwenye picha hii? Mimi sina picha yake hata moja. Nilitaka kuuona uso wake. Nikafungua.

Aliyetengeneza virusi ameharibu kompyuta yako. Mama Gélase nimemuumiza mimi. Msomee barua hii kama ilivyo. Tafadhali usiongeze neno.

Mdogo wako,
Cadeau

Dzaleka, 8 Aprili 2025

Cadeau mdogo wangu,

Habari za huko. Sisi tupo.

Nilimsomea Jumapili baada ya ibada, nyumbani kwake. Sikuongeza neno. Sijawahi kusoma kitu kigumu vile. Maji yalikauka kwenye sufuria, hakuyaondoa motoni. Hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nilidhani atakulaani. Mwishowe akauliza jambo moja: "Barua zangu, Cadeau alisoma zote?"

Nikasema ndiyo.

"Na ile ya wakati nilikuwa mugonjwa?"

Nikasema zote, Mama.

Keshokutwa anaondoka, sanduku limefungwa. Nilimuuliza kama amekusamehe. Akakaza kamba ya sanduku. Amenipa neno moja la kukufikishia: usiifunge ile anwani ya Gélase. "Nikifika kule nitaendelea kumuandikia mutoto wangu kila mwezi. Cadeau aendelee kusoma."

Dada yako,
Annuarite