Kocha wa Baba Salma

Jumatatu, 15 Septemba

Nimefungua duka saa mbili. Khanga mpya mbele, vitenge nyuma. Wiki ya pili tangu nimalize eda. Wateja wanaonijua wananipa pole, halafu wanaona haya kuomba niwapunguzie bei.

Wazee wa kahawa wamekaa barazani pangu kama kawaida. Tawi letu la mashabiki liko ng'ambo ya barabara, limepakwa rangi upya. Fundi atachora ukutani sura ya kocha bora kuliko wote katika historia ya timu. Ukuta mmoja, sura moja. Kura Ijumaa baada ya Alasiri.

Wanabishania walewale wawili. Likwata, kocha wetu wa nyumbani, aliyeokota vijana wa Ilala akawafanya timu. Na yule Mzungu tuliyemwita Kofia, aliyeleta kombe. Marehemu mume wangu, Baba Salma, alikuwa mtu wa Likwata. Miaka thelathini amebishana pale barazani, kisha anakuja nyumbani kubishana na mimi. Mimi ni wa Kofia.

Nafasi yake kwenye benchi wameweka birika la kahawa. Sijapenda.

Jumatano, 17 Septemba

Siku hizi anayemtetea Likwata ni Chande, mmoja wa hao wa barazani. Hajui kitu. Leo kasema Likwata alikuwa kocha mzuri kwa sababu marefa walimpenda. Marefa! Nimekunja khanga ileile mara tatu kwa hasira. Mzee Hemedi, muuza vipuri vya cherehani, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa mume wangu, kammaliza kwa sentensi mbili. Baraza zima likacheka.

Baba Salma alikuwa na hoja yenyewe. Aliisema jioni nikiwa jikoni. Mwaka ule Jangwani ilipojaa maji na uwanja wa mazoezi ukazama, Likwata aliwafundisha vijana kwenye uwanja wa shule, pekupeku. Sita kati yao ndio waliompa Kofia kombe baadaye. "Kofia kakuta ugali umeiva, akapakua." Mimi namjibu, na kupakua nako ni kazi, wengine wangeumwaga. Hapo anapandisha sauti, na mimi napandisha, mpaka jirani anagonga ukuta.

Hakuna hata mmoja barazani anayeikumbuka hoja hiyo. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimepika wali wa watu wawili tena. Binti yetu Salma yuko Mtwara na watoto wake, ana mambo yake. Sina wa kumwambia habari za ukuta.

Nina upweke. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimefanya. Bado nashangaa.

Walirudi kutoka msikitini wakasimamisha ubao mlangoni mwa tawi. Majina mawili na chaki. Chande akaanza tena na marefa wake. Nikamwachia jirani duka, nikavuka barabara. Sijawahi kumwona mwanamke akizungumza pale.

Nikaisema yote. Mafuriko, uwanja wa shule, pekupeku, wale sita kwa majina yao, ugali na kupakua. Niliisema kama alivyoisema yeye, hata pale alipokuwa analipiga goti lake kwa kiganja. Mzee Hemedi akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.

"Shemeji, huyo ni marehemu Rashidi kabisa."

Wakapanga mstari. Watu waliokuja kwa Kofia nimewaona wakiweka alama kwa Likwata. Hemedi hakubadilika, wala sikutegemea. Mwisho ikawa sare. Wakatazamana, kisha wakanipa mimi chaki.

"Malizia, shemeji."

Chande alikuwa ameshaanza kushangilia.

Nikaweka kwa Kofia.

Kelele zake! Wapita njia walisimama wakidhani kuna mwizi. Chande kanuna. Hemedi kacheka mpaka kaketi chini. Mimi sikucheka. Nilitaka hoja ya mume wangu isemwe vizuri, na imesemwa. Kura lakini ni yangu. Nimembishia Baba Salma miaka thelathini usoni kwake, siwezi kuanza kumwongopea leo.

Jumamosi, 20 Septemba

Fundi amechora tangu asubuhi. Kofia anatazama duka langu moja kwa moja. Pua wameikosea.

Mzee Hemedi ameniletea kahawa hadi kaunta. Mara ya kwanza. Birika wameliondoa kwenye benchi, wakaliweka chini. Kasema nikichoka kusimama nikae pale, hakuna atakayenisumbua.

Nimeshukuru. Sikukaa. Pale ni pake.

Jumapili, 21 Septemba

Sikufungua duka. Salma kapiga simu, tumeongea habari za watoto na homa ya mdogo. Nilitaka kumweleza kura, mtoto akaanza kulia, akakata.

Nimefua. Nimepanga mashati ya Baba Salma, sijui kwa nini. Chande anaweza kuyavaa, kama atanisamehe.

Jioni nimesonga ugali, mdogo safari hii. Nikapakua. Nikasema kwa sauti, "Umeshindwa, Baba Salma. Kwa kura moja, na kura yenyewe yangu. Na kupakua nako ni kazi."

Nikangoja. Ugali umepoa. Jirani hajagonga ukuta.